Uzi: Ramani ya kichocho kutoka Busia hadi Migori, tuache kupaka kaunti nzima rangi moja

#1 Takwimu_Bondo
Wadau, habari za jioni. Kuna kazi ya kuchora ramani ya kichocho kwa kaunti za ukanda wa ziwa: Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Kilichopo mezani ni ripoti za kila mwezi za vituo vya afya kutoka KHIS, mfumo wa taifa wa takwimu za afya, matokeo ya vipimo vya shuleni vya miaka tofauti, na orodha ya wadi zilizowahi kugawiwa dawa. Wakubwa wanataka ukurasa mmoja, kila kaunti na rangi yake, wajue pa kupeleka praziquantel, dawa ya kichocho.

Naona rangi moja kwa kaunti nzima itapotosha, ila nahitaji hoja zenye uzito kabla sijabisha. Data ipi iaminike? Ramani ishuke hadi ngazi gani? Na ni makosa gani yanayojirudia katika kazi hizi? Wenye kujua waingie kwa kina, tusiogope urefu.

#2 Mchoraji_Ramani
Una haki ya kubisha. Chukua hesabu ya mfano tu. Kaunti imepimwa shule 10. Mbili ziko ufuoni, kila moja ina maambukizi asilimia 45. Nane ziko bara, kila moja asilimia 1. Wastani wa kaunti unatoka 9.8. Sasa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2022 unasema maambukizi yakifika asilimia 10, watu wote kuanzia umri wa miaka 2 wapewe praziquantel mara moja kwa mwaka, na walau asilimia 75 wafikiwe. Kwa 9.8 yako, watoto wa zile shule mbili wamekosa dawa kwa sababu ya kugawanya kwa kumi.

Igeuze. Shule tano zina 40, tano zina 2. Wastani 21. Hapo unapeleka maboksi ya vidonge hadi vilimani ambako karibu hakuna anayevihitaji, halafu mwaka unaofuata yanapungua ufuoni.

Kichocho cha tumbo, yaani *Schistosoma mansoni*, ndicho kikubwa upande wetu, na umbali kutoka ziwani unaeleza mengi kuliko mpaka wowote wa kiutawala. Maambukizi hushuka haraka ukiuacha ufuo. Ukipita kilomita 5 hivi, kinachobaki mara nyingi kinafuata mto, bwawa au mfereji wenye konokono wanaobeba kimelea. Kwa hiyo maamuzi yafanyike ngazi ya wadi, na kwenye wadi zinazogusa maji weka kila shule kama nukta yake. Kenya ina wadi 1,450, si nyingi kiasi cha kukushinda kwenye kompyuta ya kawaida.

#3 Takwimu_Bondo
Asante sana. Swali la pili: KHIS ina mstari wa kichocho kila mwezi, kila kituo, bila gharama. Kwa nini nisianzie hapo?

#4 DarubiniMoja
Kwa sababu KHIS itakuonyesha darubini ziko wapi, kichocho utakitafuta kwingine.

Zahanati nyingi hazina maabara. Mtu akija na tumbo linalokata na choo chenye damu, anaandikwa kuhara, anapewa dawa, ameingia kwenye safu ya kuhara. Penye maabara, kipimo cha kawaida ni kuchanganya choo kidogo na salaini (maji ya chumvi) juu ya slaidi na kutazama. Kiasi hicho ni kama miligramu 2. Slaidi ya Kato-Katz, kipimo cha kuhesabu mayai ya minyoo kwenye choo, hubeba 41.7. Sasa piga hesabu: mtoto ana mayai 24 kwa kila gramu ya choo. Kwenye Kato-Katz anatarajiwa kuwa na yai 1 kwa slaidi, na hata mayai yakiwa yamesambaa sawasawa, uwezekano wa kulikosa ni kama asilimia 37. Ukisoma slaidi mbili unashuka hadi karibu 14. Kwa ile salaini ya miligramu 2, uwezekano wa kumkosa huyo mtoto unapita asilimia 95. Na mayai hayasambai sawasawa, yanajikusanya, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi ya hapo.

Matokeo yake, hospitali yenye fundi makini itang'aa nyekundu kwenye ramani yako, na wadi ya kisiwani isiyo na maabara itakuwa nyeupe pe. KHIS itumie kwa jambo moja: kituo ambacho hakijawahi kuripoti kichocho kikianza kuripoti ghafla, nenda ukaangalie. Kabla hujafurahi, hakikisha kwanza kwamba hawajaletewa darubini mpya.

#5 Msasa_HomaBay
Naongeza: kituo kilichoandika 0 na kituo ambacho hakikuleta ripoti ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukipakua jedwali, seli tupu zikajazwa 0 na programu bila wewe kujua, umeshatangaza eneo salama ambalo hakuna aliyelipima. Seli tupu ibaki tupu, na kwenye ramani iwe ya kijivu.

#6 Takwimu_Bondo
Basi nategemea vipimo vya shuleni. Ila ni vya miaka na timu tofauti. DarubiniMoja, nitajuaje vinalinganishika?

#7 DarubiniMoja
Uliza kwanza kibao cha kupimia choo kilichotumika. Hapa watu wengi wanaanguka bila kujua. Kibao cha Kato-Katz chenye tundu la milimita 6 na unene wa milimita 1.5 hubeba miligramu 41.7, unazidisha mayai kwa 24. Kuna cha tundu la milimita 9 na unene wa 1, hubeba 50, unazidisha kwa 20. Kuna na kidogo cha miligramu 20, unazidisha kwa 50. Timu ikitumia cha 50 huku fomu ikizidisha kwa 24, umeongeza mayai yasiyokuwepo. Asilimia ya walioambukizwa haiharibiki kwa kosa hilo, bali ukali wa maambukizi unaharibika. Kwa *S. mansoni*, mayai 1 hadi 99 kwa gramu ni maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ya kati, 400 na zaidi mazito. Mtoto mwenye mayai 17 kwenye slaidi: kwa 24 ni 408, mzito. Kwa 20 ni 340, wa kati.

Pili, slaidi ngapi kwa kila mtoto, na choo cha siku ngapi. Utafiti wa slaidi moja na ule wa slaidi mbili kwa siku tatu haviwekwi kwenye mstari mmoja ukasema ugonjwa umepanda. Huenda kilichopanda ni idadi ya slaidi.

Tatu, namna yenyewe ya kuandaa. Naiweka hapa kwa wanaosimamia kazi uwanjani:

Mchanganyiko ni gliserini mililita 100, maji safi ya maabara mililita 100, na mililita 1 ya rangi ya malakiti ya kijani ya asilimia 3. Vipande vya selofeni viloweshwe humo angalau saa 24 kabla ya kwenda uwanjani. Vikiloweshwa nusu siku, slaidi haing'ai na mayai yanajificha. Choo kinawekwa juu ya karatasi, unabana chujio juu yake, unakwangua kile kilichopenya na kukijaza kwenye tundu la kibao hadi ukingoni, bila pengo na bila mlima. Nyanyua kibao taratibu, funika kwa selofeni, geuza slaidi kifudifudi na ubonyeze juu ya kigae laini hadi choo kitandae duara. Kisha inyanyue kwa kuitelezesha pembeni. Ukiivuta juu moja kwa moja, selofeni inabaki kwenye kigae.

Safura isomwe ndani ya dakika 30 hadi 60, maana gliserini huyayusha mayai yake. Yai la *S. mansoni* linangoja vizuri hadi kesho yake. Ndiyo sababu ukikuta seti ya data ina kichocho kingi na safura sifuri mahali penye udongo tifutifu na watoto pekupeku, shuku saa ya kusoma slaidi kabla hujashangilia dawa.

Choo cha kuhara kisichoshika hakifai kwa Kato-Katz. Kiandikwe hakikupimwa, kisiandikwe hasi.

Kuhusu namba: iandike kwa penseli kwenye ile sehemu ya slaidi iliyokwaruzwa. Kalamu nyingi za wino hufutika gliserini ikizigusa, na jioni unabaki na slaidi arobaini za watoto wasiojulikana.

Mwisho wa hili: asilimia 10 ya slaidi zisomwe tena na mtu wa pili asiyejua jibu la kwanza. Mmoja akiona chanya na mwingine hasi, au tofauti ikizidi mayai 10 pale ambapo hayafiki 100, au ikizidi asilimia 20 yanapozidi 100, slaidi irudiwe na wote wawili. Ripoti isiyotaja usomaji wa pili ipe alama ya kuuliza kwenye jedwali lako.

#8 Msasa_HomaBay
Kazi safi, ila uchoraji wa siku hizi hauwezi kukwepa kile kipimo cha mkojo, CCA. Kinachukua dakika 20, hakuna kubeba choo kwenye boda. Na kinawanasa wale wa mayai machache ambao Kato-Katz inawaacha.

#9 DarubiniMoja
Kinanasa, nakubali. Tatizo langu ni pale watu wanapochukua asilimia ya CCA na kuilinganisha na kizingiti kilichozoeleka kwa Kato-Katz. Shule hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, CCA itatoa asilimia kubwa kuliko Kato-Katz, hasa maambukizi yakiwa mepesi. Ukichora kusini mwa kaunti kwa CCA na kaskazini kwa Kato-Katz, ramani yako inaonyesha mpaka wa timu mbili.

Halafu kuna ule mstari hafifu. Timu moja inauita chanya, nyingine inauita hasi. Kwa shule yenye maambukizi madogo, uamuzi huo peke yake unabadilisha rangi ya wadi. Kwenye fomu usiweke chanya na hasi tu. Weka hasi, hafifu, chanya, na andika namba ya toleo la kipimo, maana matoleo hutofautiana. Dakika 20 ziwe 20 za saa, zisiwe za kukadiria: ukikisoma baada ya nusu saa, mistari hafifu inajitokeza kwa watu wasio na kitu. Na CCA ni ya *mansoni*. Kwa kichocho cha kibofu usiitegemee.

#10 Msasa_HomaBay
Hapo kwenye mstari hafifu tumekubaliana. Kwa kichocho cha kibofu, *S. haematobium*, kanuni ni ile ya zamani: mkojo mililita 10, uliochukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana kwa sababu ndipo mayai hutoka kwa wingi, mtoto akiwa amekimbia au kuruka kidogo kwanza. Tikisa chupa kabla ya kuvuta na bomba la sindano, la sivyo mayai yanabaki chini. Pitisha kwenye chujio, tazama. Mayai chini ya 50 kwa mililita 10 ni mepesi, 50 na zaidi ni mazito. Yai la *haematobium* lina mwiba mwishoni, la *mansoni* lina mwiba ubavuni, hata fundi mpya hawezi kuchanganya.

Usiseme kanda ya magharibi ni *mansoni* tupu. Uwanda wa Kano una mifereji, mashamba ya mpunga na mabwawa yenye konokono wa *Bulinus*, wanaobeba hicho cha kibofu. Ukipima choo peke yake huko, nusu ya habari imekupita.

#11 Konokono_Kano
Afadhali umewataja konokono, nilikuwa nangoja. Ramani ya watu inakuambia ni akina nani walioambukizwa. Minyoo ya *mansoni* huishi mwilini miaka 3 hadi 10, kwa hiyo yai la leo linaweza kuwa la maji ya miaka mingi nyuma. Konokono ndiye anayekuambia maji gani yana hatari mwezi huu.

Upande wa ziwa, konokono wa *mansoni* ni *Biomphalaria sudanica*, anayekaa kwenye mafunjo na nyasi za ukingoni, na *Biomphalaria choanomphala* anayekaa kwenye maji yenye kina zaidi. Ukichota ukingoni tu, huyu wa pili hutamwona, utaandika eneo halina konokono. Kwenye vijito vya bara yuko *Biomphalaria pfeifferi*. Magugu maji nayo hubeba konokono: upepo ukigeuka, mkeka mzima unahama ghuba hadi ghuba na abiria wake.

Namna ya kuhesabu isibadilike kati ya eneo na eneo. Mtu mmoja, chujio la mpini mrefu, dakika 30, mita zile zile za ufuo, saa zile zile za asubuhi. Watu wawili wakichota dakika 30 hizo ni dakika 60, andika hivyo. Vaa glavu ndefu na gambuti zisizovuja, maana lava wanaomtoka konokono wanapenya ngozi. Wabebe kwenye chombo chenye hewa, na pamba au majani mabichi yaliyolowa. Ukiwajaza kwenye chupa ya maji iliyofungwa wanakufa njiani.

Kesho yake, kila konokono kwenye kishimo chake na mililita 1 au 2 za maji yasiyo na klorini, kisha mwanga kwa saa 2 hadi 4. Lava wa kichocho ana mkia wenye panda. Lakini tulieni hapo: kichocho cha ndege nacho kina mkia wa panda, tofauti mojawapo ni vidoa viwili vya macho alivyonavyo huyo wa ndege. Na lava anayetoka kwa *Bulinus* anaweza kuwa *Schistosoma bovis* wa ng'ombe. Kano ng'ombe wanakunywa mfereji ule ule wanaoogea watoto. Kwa darubini huwezi kuwatenganisha kwa uhakika, inabidi kipimo cha vinasaba. Bila hicho, andika "lava wa kundi la kichocho" na uishie hapo.

Aliyetoka hasi leo asitupwe. Tangu aambukizwe hadi aanze kutoa lava ni kama wiki nne hadi tano, na zaidi maji yakiwa ya baridi. Mpime tena baada ya wiki moja, na tena hadi wiki nne.

#12 Takwimu_Bondo
Dada Konokono, hivi ukikuta konokono hamsini na hakuna hata mmoja anayetoa lava, naandika eneo ni salama?

#13 Konokono_Kano
Hapana. Hata penye maambukizi makali kwa watu, konokono wanaotoa lava huwa wachache sana kati ya mamia. Hamsini ni idadi ndogo mno kukupa hitimisho hilo. Andika: wapo, 0 kati ya 50. Msomaji aone na idadi ya waliopimwa.

#14 Mchoraji_Ramani
Na hesabu hiyo hiyo inawahusu watoto. Ukipima watoto 50, wote hasi, kiwango cha kweli bado kinaweza kufika asilimia 6 hivi (gawanya 3 kwa idadi uliyopima, njia ya haraka). Ukipata 5 kati ya 50, hiyo asilimia 10 yako kwa kweli iko kati ya kama 4 na 21. Kwa hiyo wadi yenye 9 na wadi yenye 11 usizipe hatima tofauti kwa sababu ya mtoto mmoja.

Sasa niseme ya nukta, maana hapa ndipo ramani nyingi huharibika kimyakimya. Ikweta inapita katikati yetu. Kisumu iko latitudo -0.09, longitudo 34.77. Karani akisahau ile alama ya kutoa, shule ya Kisumu inahamia kaskazini kama kilomita 20, maeneo ya Vihiga. Shule ya Mbita inaruka hadi karibu na Busia mjini. Mji wa Homa Bay unaenda kuanguka upande wa Bungoma. Na kwa kuwa zote zinabaki ndani ya Kenya, programu hailalamiki. Ukibadilisha latitudo na longitudo angalau shule inaenda Algeria, hiyo utaiona. Dawa yake: fomu ya simu ichukue nukta yenyewe, isingoje mtu aandike, na ikatae nukta yenye kosa linalozidi mita 10. Kisha kwenye programu ya ramani ya QGIS unganisha nukta na mipaka ya wadi, linganisha wadi iliyotoka na wadi aliyoandika karani. Zisipolingana, chunguza nukta hiyo.

Ukipima umbali kutoka ziwani badili kwanza kwenda UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, usipime kwa digrii. Ukanda wa ziwa uko kanda ya 36 Kusini, isipokuwa Busia karibu yote na sehemu ya Siaya, zilizo kaskazini ya ikweta. Tumia 36 Kusini kwa zote, thamani za kaskazini zitazidi milioni 10, usishtuke. Nakuru mjini iko longitudo 36.07, imeshaingia kanda ya 37.

Majina ya wadi usiyatumie kuunganishia majedwali, tumia namba zake. Kuna wadi zenye jina Township katika kaunti kadhaa. Maeneo bunge ya Mbita na Gwassi siku hizi ni Suba Kaskazini na Suba Kusini. Tafiti za kabla ya 2013 zinataja wilaya za zamani ambazo mipaka yake haikai ndani ya kaunti ndogo za leo. Ukikuta utafiti una jina la wilaya tu bila nukta, uweke pembeni kama historia.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa ukali: usiache programu ijaze rangi katikati ya nukta. Inachukua shule ya Rusinga na shule ya ng'ambo ya maji, inachora daraja la rangi juu ya ziwa, na inapandisha kichocho milimani. Ugonjwa huu hauenei hivyo. Nukta zibaki nukta.

#15 NakuruMaabara
Mjadala mzuri. Huku Nakuru tunapata mgonjwa mmoja mmoja mwenye mayai ya *mansoni*. Je, tujiweke kwenye ramani?

#16 Konokono_Kano
Jiweke, ila kwa alama tofauti. Ziwa Nakuru ni la magadi, *Biomphalaria* haishi humo. Na mji uko juu, kama mita 1,850, wakati Ziwa Victoria liko kama mita 1,134, baridi inachelewesha kimelea ndani ya konokono. Ila kanda ina mito na mabwawa ya maji matamu yasiyo na magadi, kwa hiyo usiniwekee maneno mdomoni kwamba haiwezekani.

Muulize kila mgonjwa maswali matatu: ulizaliwa na kukulia wapi, umeoga au kuvua au kufulia wapi miaka kumi iliyopita, na umewahi kumeza praziquantel lini. Mvuvi aliyehama kutoka Muhuru Bay atatoa mayai Naivasha kwa miaka. Mwandike eneo alikotibiwa na eneo alikoambukizwa, safu mbili. Ukipata mtoto mdogo ambaye hajawahi kutoka huko na ana mayai, hapo piga simu, na mimi nitaleta chujio.

#17 Mgawa_Dawa
Niwakumbushe upande wa dawa, maana Takwimu alisema ana orodha ya wadi zilizogawiwa. Orodha hiyo inaweza kukudanganya kwa njia mbili.

Ya kwanza, idadi ya watu. Utakuta wadi imefikia asilimia 112. Watu hawakumeza mara mbili. Makadirio ya sensa ya 2019 hayakuhesabu wavuvi wanaohamia ufuoni msimu wa omena. Ufuo huo huo mwezi mwingine utatoa asilimia 50 kwa sababu wamehama. Uliza ufikiaji ulipatikanaje: kwa daftari la mgawaji, au kwa kwenda nyumba kwa nyumba baadaye na kuuliza watu. Hiyo ya nyumba kwa nyumba naiamini zaidi.

Ya pili, tarehe. Praziquantel haiui minyoo michanga. Ukipima wiki moja baada ya dawa utaona mayai yanayotoka tu, ukipima baada ya wiki 3 hadi 4 unapima kama dawa imefanya kazi, ukipima baada ya miezi kumi unapima maambukizi mapya. Vyote vitatu vimewahi kuitwa "baada ya dawa" kwenye majedwali. Weka safu ya siku kati ya dawa na kipimo.

Dozi ni miligramu 40 kwa kilo. Uwanjani tunatumia kijiti cha urefu: mtoto wa sentimita 94 hadi 110 kidonge kimoja cha miligramu 600, hadi 125 kimoja na nusu, hadi 138 viwili, hadi 150 viwili na nusu, hadi 160 vitatu, hadi 178 vinne, zaidi ya hapo vitano. Wawe wamekula, la sivyo wanatapika na kesho yake mtaa mzima unakataa. Walio chini ya sentimita 94 hukosa kijiti, na ndio hao mama anawaogesha kwenye beseni la maji ya ziwa kila jioni. Dawa ya watoto wa umri huo, arpraziquantel, ilipata maoni mazuri ya wakala wa dawa wa Ulaya Desemba 2023, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi za majaribio. Mpaka iwafikie wote, ramani yako ya shule haiwaoni hawa. Andika hivyo pembeni ya ramani.

#18 Msasa_HomaBay
Nakazia la Mgawa. Shule inawaona wenye miaka 9 hadi 14 waliofika siku hiyo. Anayevuta wavu, anayechota mchanga na anayeosha magari ukingoni hawapo darasani. Kamati za ufuo zina orodha za wavuvi, pitia huko kwanza kabla ya kupima watu wazima. Na nenda alasiri boti zikishapakuliwa, asubuhi hakuna atakayekusikiliza.

Pia ziwa lilipanda sana 2020 na kumeza fuo nyingi. Nukta za watu wanakochotea maji zilizochukuliwa kabla ya hapo, nyingine ziko ndani ya maji. Zichukue upya.

#19 Takwimu_Bondo
Nimepata zaidi ya nilichoomba. Mpango wangu sasa: wadi ndiyo msingi, rangi nne zisizobadilika mwaka hadi mwaka (0, chini ya 10, 10 hadi 49, 50 na zaidi) na kijivu kwa pasipopimwa. Shule kama nukta, umbo la nukta likionyesha kipimo kilichotumika. Konokono kwenye karatasi yao. KHIS haipakwi rangi kabisa, inabaki jedwali la tahadhari. Na badala ya wastani wa kaunti, nitaandika kwa kila kaunti wadi ngapi ziko juu ya 10 na wakazi wangapi wanaishi humo, ili mkubwa apate namba yake moja.

Safu za jedwali: namba ya wadi, namba ya shule, latitudo, longitudo, tarehe ya kipimo, kipimo, miligramu za kibao, slaidi kwa mtoto, waliopimwa, chanya, wastani wa mayai, tarehe ya dawa ya mwisho.

#20 Mchoraji_Ramani
Nzuri. Hiyo rangi ya "0" iite "0 kati ya waliopimwa" na idadi iandikwe, dada Konokono asije akakukamata tena. Namba za shule zihifadhiwe kama maandishi, Excel inakula sifuri za mbele na kugeuza 03-05 kuwa tarehe. Na tarehe zote ziwe mwaka-mwezi-siku, maana nusu ya simu za uwanjani zimewekwa mtindo wa Marekani.

#21 DarubiniMoja
Ongeza safu moja: jina la kituo kilichosoma slaidi mara ya pili. Ikiwa tupu, iache tupu.